Baiskeli Iliyopauka

Kila Jumamosi mikono yangu hunuka vitu viwili, mafuta ya taa na mafuta ya kujipaka, na sijapata bado sabuni ya kuziondoa harufu hizo kabla ya Jumapili asubuhi. Mafuta ya taa ni ya magurudumu ya kiti cha Baba. Mafuta ya kujipaka ni ya miguu yake. Tangu apatwe na kiharusi akahamia kwangu huku Lanet, hiyo ndiyo kazi yangu ya Jumamosi, na simwachii mtu mwingine. Wanangu huniuliza kwa nini kiti kisuguliwe saa nzima ilhali hutoka sebuleni kwenda varanda na kurudi, basi. Mimi hucheka tu. Swali hilo nililiuliza kabla yao, nikiwa mdogo kuliko wao, na jibu lake lilichukua muda mrefu kunifikia.

Nyinyi mliokulia Nakuru enzi zetu mtakumbuka jinsi baiskeli zilivyomiminika asubuhi kuelekea viwandani, nyeusi zote, nzito, zile tulizoziita blakmamba. Baba alikuwa na yake. Babu alikuja mjini kutoka upande wa Bungoma kufanya kazi ya reli, Baba akazaliwa papa hapa, akapata kazi ya kubeba magunia katika kiwanda cha unga. Tuliishi Kivumbini, na baiskeli ililala ndani pamoja nasi, imeegemezwa ukutani chini ya kalenda ya kanisa. Wageni wakizidi, tulitoka sisi watoto. Baiskeli haikutoka.

Kutoka nyumbani hadi kiwandani ni dakika kumi ukikanyaga pole pole. Kuiosha kulimchukua Baba Jumamosi nzima tangu chakula cha mchana mpaka kivuli cha tangi la maji kiguse mlango wetu. Alitandika gunia uani, akaipindua baiskeli miguu juu, akapanga vitu vyake: kopo la mafuta ya taa, mswaki mzee, kitambaa kilichowahi kuwa fulana yake, jivu lililochekechwa, na kichupa cha oili ambacho Mama alikitaka kwa cherehani yake na hakukipata kamwe. Alisugua cheni pingili kwa pingili. Aligusa spoku moja moja kwa kucha, akisikiliza ipi imelegea. Unga wa kiwandani ulikuwa umejibana kila mahali, na aliutoa kwa kijiti cha kiberiti.

"Baba Nafula," Mama alikuwa akisema kutoka jikoni, "hiyo baiskeli ukiisugua sana itakuwa nyeupe kama koti ya daktari."

"Wacha niisugue," Baba alijibu bila kuinua kichwa. "Chuma ikikuangusha haisemi pole."

Jirani yetu, Baba Njeri, alikuwa na baiskeli yenye matope ya mwaka jana na mwaka juzi. "Yangu inaoshwa na Mungu," alitamba. "Mvua ikinyesha, nimemaliza." Lakini baiskeli hiyo ilipoanza kulia ni yeye huyo huyo aliyeikokota hadi uani kwetu: "Baba Nafula, hebu skiza hii kitu." Na Baba alilizungusha gurudumu, akafumba macho, akainamisha sikio. "Gololi mbili zimekufa. Upande wa kushoto." Wakifungua, ni mbili, na ni kushoto. Walikuja wanaume kutoka hata Bondeni na Flamingo. Kiwandani Baba alikuwa mbeba magunia kama wengine, ila Jumamosi uani kwetu alikuwa bingwa, na alijua, na alipenda, ingawa hangesema.

Mimi niliichukia baiskeli ile. Niseme ukweli, niliionea wivu. Mama aliniogesha kwenye karai kabla maji ya ugali hayajachemka: sabuni, kusuguliwa kisigino kwa jiwe, maji, kupakwa mafuta, nenda. Nilipiga hesabu zangu za mtoto wa darasa la pili nikaona jibu liko wazi. Mtu humtunza anayempenda. Mimi dakika kumi, baiskeli mchana kutwa. Baba alikuwa ameniahidi kunipeleka kwenye ua wa mbuga nikawaone ndege wa waridi wa ziwani, na kila nilipomkumbusha alikuwa na mswaki mkononi. "Jumamosi ingine, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake. Nikisogea karibu alinirudisha: "Kaa huko nyuma, mafuta itakuingia macho." Kwa hiyo nilikaa huko nyuma, nimenuna, nikiwatazama wao wawili.

Ikatokea Jumamosi moja lori la kiwanda likampitia asubuhi kwenda Mau Narok kupakia ngano. Alienda na koti lake zito, baiskeli ikabaki. Mama naye alikuwa na kikao cha akina mama kanisani, akaondoka na mdogo wangu mgongoni. Nilikaa kizingitini nikiitazama ile blakmamba, na wazo likanijia, nikaona jinsi lilivyo zuri. Nikiiosha mimi, Baba atakosa la kufanya. Akikosa la kufanya, atakuwa wangu.

Sikuweza kuipindua, niliiegemeza ukutani. Mengine yote niliyafuata kama nilivyoyaona kutoka huko nyuma. Nilisugua cheni kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka vidole vikawasha. Niliosha madigadi, kengele, siti. Rimu nilizisugua kwa jivu, ndani na nje, kisha nikaziosha kwa sabuni ya kufulia na maji mengi. Nikasimama kando nikiona fahari. Jua likaikausha, upepo ukaja na vumbi lake jepesi, na mbele ya macho yangu rimu zikafanya ukungu mweupe mweupe. Zikapauka.

Nyumbani kwetu, na nadhani kwenu pia, mtoto aliyeoga bila kupakwa mafuta alikuwa hajaoga. Kupauka kulikuwa aibu ya familia nzima. Ukitoka nje na magoti meupe Mama alikurudisha kwa sauti ambayo mtaa wote ulisikia: "Unataka watu waseme huna mama?" Kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Kichupa cha oili sikukiona, Baba alikificha Mama asikipate. Nikachukua kopo la mafuta yetu ya kujipaka, yale mazito yenye manukato, nikaipaka baiskeli kama nilivyopakwa mimi. Fremu, usukani, spoku. Rimu nilizipaka zaidi maana ndizo zilizopauka zaidi, ndani na nje, sehemu kwa sehemu, mpaka nikafika nusu ya kopo. Ilimeremeta kama mtoto wa ubatizo.

Baba alirudi jua likiegemea, koti limejaa matope mekundu ya Mau, mfuko wa viazi begani. Alipoiona alisimama.

"Nani amefanya hii kazi?"

"Ni mimi."

Alitembea hadi kwenye baiskeli. Mkono wake ulienda kwenye mkono wa breki. Nilijua anakoelekea, kwa sababu kila Jumamosi jambo la mwisho lilikuwa hilo: kuzungusha gurudumu, kuminya breki, kuzungusha tena. Nadhani uso wangu ulibadilika. Niliona kama anaenda kuirudia kazi yangu yote tangu mwanzo. Akanitazama, mkono ukasimama, ukarudi mfukoni.

"Sasa mama, umeniachia nini mimi?" akasema, akacheka, akaketi kwenye benchi nje. Nikaketi ubavuni mwake. Alinisimulia kuhusu baridi ya Mau Narok na kondoo waliokataa kutoka barabarani mpaka dereva akashuka kuwaomba. Tulichoma viazi viwili kwenye jiko tukavila na chumvi, tukipulizia vidole. Jumamosi ile Baba alikuwa wangu mwenyewe. Sijawahi kushinda chochote maishani nikafurahi vile.

Kesho yake, baada ya kanisa, tulienda kumwona Shangazi, dadake Baba, aliyekuwa mpishi katika nyumba moja kubwa kule Milimani. Njia nzima ya kwenda ni mlima, kwa hiyo Baba alisukuma baiskeli nami nikiwa nimekalia keria kama bibi wa gavana. Tulikunywa chai nyuma ya jikoni, tukaanza kurudi. Mteremko ndio ulikuwa utamu wetu. Kabla ya kuuanza Baba aliuliza maswali mawili, yale yale kila mara.

"Mikono?"

"Imeshika."

"Miguu?"

"Iko juu ya chuma."

Tukaachilia. Mji ukaonekana wote chini, na ziwa nyuma yake. Penye kona ya kwanza Baba huminya breki, na breki hulia mlio fulani ambao nilizoea kuuiga. Siku ile sikuusikia. Nikaona vidole vyake vimeminya mpaka vimekuwa vyeupe, na miti inapita haraka zaidi. Akaminya tena. Kimya. Chini kabisa kwenye njia panda lori la mawe lilikuwa likivuka taratibu.

"Mama, nishike kiuno. Usiachilie hata nikipiga kelele."

Hakupiga kelele. Aliachilia usukani kwa mkono mmoja, akaurudisha nyuma, akanibana mgongoni kwake, na kwa mkono ule mwingine akaielekeza baiskeli kwenye ua wa kayaba. Kabla hatujaufikia alijigeuza ubavu, yeye akaenda chini, mimi nikaanguka juu yake. Miiba ya kayaba ilimchana shingo na mikono. Goti lake la kulia liligonga jiwe la mtaro, na sauti ya jiwe lile ninaweza kuisikia hata sasa nikiandika. Mimi nilipoteza kiatu kimoja. Basi, hicho tu.

Mlinzi wa geti la karibu alikuja mbio. Baba alikuwa amekwisha kuniangalia kichwa, mikono, meno. Halafu akafanya kitu ambacho kilinikata maini. Alitambaa, suruali ya kanisani imechanika na damu inaingia kwenye soksi, akaifikia baiskeli, akapitisha kidole kwenye rimu, akakileta puani. Kisha akatoa leso yake nyeupe ya Jumapili akaanza kupangusa rimu, ya mbele yote, ya nyuma yote, polepole, kama Jumamosi.

"Mzee, wacha baiskeli! Uko na damu!" mlinzi alimpigia kelele.

"Ni vumbi tu, boss. Wacha nitoe vumbi."

Nililia. Mlinzi alidhani nalilia maumivu. Nilikuwa nalia kwa sababu nimeona kwa macho yangu: hata goti lake mwenyewe limepasuka, bado anaitunza baiskeli kwanza.

Nyumbani alimwambia Mama kwamba raba za breki zilikuwa zimeisha.

"Zimeishaje na kila Jumamosi uko hapo ukizikagua?"

"Hata mimi nashangaa, Mama Nafula. Nimezeeka macho."

Mtaa haukumwacha. Baba Njeri alipita na baiskeli yake ya matope akiminya breki kwa makusudi mbele ya mlango wetu. "Skiza hiyo, Baba Nafula! Ya mvua iko na breki!" Watu wakacheka, Baba akacheka nao, mguu wake umenyooshwa kwenye stuli na bendeji. Wale wa Bondeni na Flamingo hawakuja Jumamosi ile, wala iliyofuata. Ni nani atampelekea baiskeli fundi ambaye yake mwenyewe imemtupa kwenye kayaba na mtoto mgongoni? Alinunua raba mpya. Zile za zamani nilizikuta kwenye kopo lake la misumari, nene, hazijaisha hata robo. Nilizishika, sikuelewa, nikazirudisha.

Niliielewa sehemu yangu siku sita baada ya kuanguka. Baba aliniita uani.

"Kuja, mama. Goti imekataa kupinda. Leo utakuwa mikono yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kukanyaga lile gunia. Alikaa kwenye stuli akaniongoza. Nilitarajia tuanze na cheni. "Hapana. Tunaanza na keria." Akanifanya nijaribu kila nati ya keria, na vile vyuma viwili vya kuwekea miguu ambavyo alivichomelesha mwenyewe ili miguu yangu isiingie kwenye spoku.

"Kwa nini tunaanza hapa?" nikauliza.

Alinitazama kama nimeuliza jua hutokea wapi. "Si hapa ndio unakaa?"

Zile Jumamosi zote nilizokaa huko nyuma nimenuna, yeye alikuwa akizunguka kiti changu. Nilijiona mjinga, nikawa na furaha, vyote pamoja, na sikupata nafasi ya kukaa na furaha hiyo, maana tulikuwa tumefika kwenye magurudumu.

"Rimu tunapangusa, tunaacha kavu," alisema akiangalia spoku. "Haipakwi kitu. Ikiwa na mafuta, raba itateleza, na wewe utaenda nayo."

Nikautazama uso wake nione kama ananisema mimi. Ulikuwa uso wa Jumamosi, mtulivu, umeinama. Nikafikiri kwa haraka, kwa akili ya mtoto aliyelelewa Kivumbini: ningekuwa nimejulikana, ningekuwa nimechapwa. Nilichapwa nilipovunja glasi. Nilichapwa nilipopoteza sweta. Aliyemvunja baba yake goti angechapwa mpaka wapi? Sikuchapwa, kwa hiyo hajui. Nikapangusa rimu, nikaiacha kavu, nikanyamaza.

Nilinyamaza hivyo mpaka nikaenda sekondari, na Jumamosi zote hizo tulikuwa wawili kwenye gunia moja. Nilijifunza kusikia gololi iliyokufa. Wanaume walirudi kidogo kidogo, Baba Njeri wa kwanza, baada ya mvua kumwoshea baiskeli mpaka ikashika kutu. Habari ya ndege wa ziwani nilisahau kuikumbusha. Ila Baba alichechemea, na amechechemea tangu siku ile, na kila nilipousikia mguu ule ukija koridoni nilijua ni mimi niliyeufanya hivyo. Nilitaka kumwambia asubuhi ya harusi yangu, nikashindwa. Nilitaka kumwambia tulipomzika Mama, nikaona si wakati. Daktari anasema kilichomwangusha ni presha, goti halihusiki kabisa, na ninamwamini daktari. Lakini kila ninapomsukuma kwenye kiti kile huona ni kama nilianza kumkalisha hapo nikiwa na miaka minane.

Jumamosi iliyopita niliamua imetosha. Nilimweka varandani juani. Nilisugua magurudumu kwa mafuta ya taa, nikapangusa, nikajaribu breki za kiti, kushoto na kulia. Kisha nikakaa chini kwenye gunia nikamwosha miguu, nikachota mafuta ya kujipaka, yale yale mazito yenye manukato, hawajabadilisha. Alikuwa amepauka kwa ule upepo wetu. Nilimpaka mguu wa kushoto, ule uliolala, nikijipanga maneno. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Kiti kikasogea kidogo, nikanyoosha mkono kulishika gurudumu, vidole bado vimejaa mafuta.

"Mama."

Siku hizi maneno yake hutoka moja moja, na huwa namngojea. Nikainua macho. Upande mmoja wa uso wake haucheki tena. Ule mwingine ulikuwa unacheka.

"Rimu," akasema. "Usipake."

Mkono wangu ulibaki hewani. Niliona leso nyeupe, na raba nene kwenye kopo la misumari, na mtu mzima akicheka pamoja na wanaomcheka.

"Ulijua," nikasema. "Baba, ulijua siku hiyo hiyo?"

"Ilikuwa," akapumzika, "inanuka wewe."

Nililia bila kujificha, mwanamke wa miaka yangu, mbele ya majirani wanaoanika nguo. Nilipoweza kuongea nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza, kwa nini alikubali mtaa mzima umcheke. Alilitafuta jibu muda mrefu, akalipata, akalitoa polepole.

"Ulikuwa umeiosha vizuri."

Kisha akanisogezea mguu wa pili, ule wa goti, nao nikaupaka.